Je, Wajua? Mimba kwa Bomba

Mwishoni mwa karne ya 18, daktari John Hunter wa London alimshauri muuza nguo mmoja, mwenye kasoro ya njia ya mkojo, atumie bomba kumwekea mkewe manii. Mke akashika mimba.

Hata mke na mume wa Kilwa Kivinje au Mchinga wanaweza kufanya hivyo nyumbani: bomba jipya lisilo na sindano, manii yawekwe ukeni tu. Msithubutu kuyapitisha hadi mfuko wa uzazi, ni hatari. Hiyo ni kazi ya daktari. Wakati ndio kila kitu, maana yai huishi saa 12 hadi 24, mbegu hadi siku 5.

Mwaka ukipita bila mimba, msimwite mke tasa. Nendeni hospitali wote wawili, mume naye apimwe.