Mti wa Mwituni Chunguni: Lipi Kweli, Lipi Uongo

Anayeanza kulea bonsai huvutwa upesi na mti wa mwituni: shina nene, gome lililopasukapasuka, matawi yaliyopindwa na upepo na kutafunwa na mbuzi. Kuvutwa huko kuna sababu nzuri. Ila yapo maneno yanayorudiwa kila siku ambayo huua miti hiyo mapema.

Bonsai hudumazwa kwa kunyimwa maji na chakula.

Uongo, tena mbaya. Bonsai si aina ya mti. Ni mti wa kawaida unaopogolewa matawi na mizizi na kukaa kwenye chombo kidogo. Mkwaju wa bonsai ukiuhamishia shambani, utarefuka kama mikwaju mingine. Na kwa kuwa udongo wake ni mchache, wakati wa kiangazi huenda ukahitaji maji asubuhi na jioni. Katika bustani ya National Arboretum, Washington, kuna msonobari mweupe wa Kijapani uliolelewa chunguni tangu 1625 na ulionusurika bomu la Hiroshima mwaka 1945. Mti wenye njaa haufikishi umri huo.

Msitu hauna mwenyewe.

Uongo. Kenya ina Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016, Tanzania ina Sheria ya Misitu ya 2002, na kung'oa miti katika msitu wa hifadhi bila kibali ni kosa. Mikoko usiiguse. Mugumo nao ni mti mtakatifu kwa Wakikuyu. Hata ukiwa shambani kwa mtu, wazee waulizwe kwanza. Kwa maoni yangu, anayeanza hana haja ya kukanyaga msituni. Atafute mti ambao ungekatwa hata hivyo: kwenye kiwanja kinachosafishwa ili kujengwa, kwenye ua wa zamani unaong'olewa, au mkuyu uliooteshwa na kinyesi cha ndege katika ufa wa ukuta. Kisha aombe ruhusa ya mwenye eneo.

Ukishauchimba, utie kwenye chungu cha bonsai na uanze kuukunja kwa waya.

Uongo, na hapa ndipo miti mingi inapofia. Mti uliochimbwa umepoteza sehemu kubwa ya mizizi yake laini, ile inayonyonya maji. Uweke kwenye sanduku la mbao au karai lenye matundu, katika kokoto ndogo za volkano zilizochekechwa vumbi. Udongo mzito hushika maji, na majeraha ya mizizi huoza. Ufunge kwa kamba usitikisike, maana kila mtikisiko hukata vijizizi vipya. Uwe kivulini, mahali pasipo na upepo. Waya usubiri mwaka mmoja au miwili.

Ukichipua, umeshika.

Si lazima. Shina lina akiba ya chakula, na linaweza kutoa majani mabichi ya kupendeza huku chini hakuna mzizi hata mmoja. Akiba ikiisha, majani hunyauka ghafla, na mlezi hubaki akilaumu jua. Subiri machipukizi yarefuke na kukomaa, au mizizi ionekane kwenye matundu. Kabla ya hapo mbolea pia haina kazi. Chumvi zake huunguza majeraha.

Mti wa mwituni huokoa miaka.

Kweli. Shina ndani ya chungu kidogo hunenepa polepole mno, na unene ule uliouona porini huenda ulichukua miongo.

Kila mti uliochimbwa umwagiliwe papo hapo.

Kweli kwa mkuyu na mkwaju. Mbuyu na adeniamu zina utaratibu wao: chimba wakati hazina majani, acha mizizi iliyokatwa ikauke kivulini siku kadhaa, panda kwenye kokoto kavu, na usimwagilie hadi vichipukizi vianze kujitokeza.