Dada wa Southall: chama kidogo kilichoishinda halmashauri

Southall iko magharibi mwa London, jirani na uwanja wa ndege wa Heathrow. Kibao cha stesheni yake ya treni kimeandikwa kwa Kiingereza na kwa Kipunjabi. Ukiwauliza wazee wa pale walikotoka, baadhi watakutajia Nairobi, Kisumu au Kampala kabla ya kufika India, kwa kuwa familia zao zilipitia kwetu. Mwaka 1968 Bunge la Uingereza lilitumia siku tatu tu kupitisha sheria ya kuwazuia Wahindi wa Kenya waliokuwa na pasi za Uingereza wasiingie nchini humo. Mwaka 1972 Idi Amin akawapa wa Uganda siku 90 wawe wameondoka, na takriban watu 28,000 wakakimbilia Uingereza.

Huko hawakupokewa kwa mikono miwili. Juni 1976 kijana wa miaka 18, Gurdip Singh Chaggar, alichomwa kisu na kufa katikati ya Southall. Tarehe 23 Aprili 1979 chama cha wabaguzi cha National Front kiliruhusiwa kufanya mkutano katika ukumbi wa mji huohuo. Wakazi wakaandamana, polisi wakawashambulia, na mwalimu kutoka New Zealand, Blair Peach, akapigwa kichwani na kufariki. Ripoti ya polisi wenyewe, iliyofichwa hadi mwaka 2010, ilikiri kwamba karibu hakuna shaka aliyempiga alikuwa askari.

Katika mwaka huo wa 1979 ndipo wanawake wachache wa Kihindi na wa Karibea walipoanzisha Southall Black Sisters, yaani Dada Weusi wa Southall. Walitoka kwenye maandamano ya kupinga ubaguzi wakiwa na hoja ambayo wanaume wa harakati hawakutaka kuisikia. Mwanamke anayepigwa na polisi barabarani na kupigwa na mume nyumbani ni mwanamke yuleyule mmoja, wala hawezi kuambiwa asubiri jambo la pili mpaka la kwanza liishe.

Kwa hoja hiyo walitukanwa sana. Wazee wa jumuiya waliwaita wavunja ndoa. Walionywa kwamba wakisema hadharani kuwa wanaume wa Kihindi wanapiga wake zao, watakuwa wamewapa wabaguzi silaha. Ni lugha tunayoijua hata sisi: funika kombe mwanaharamu apite. Wao walikataa kufunika. Mwaka 1984 mwanamke mmoja wa mtaani kwao alipojiua baada ya mateso ya ndoa, waliandamana hadi mbele ya nyumba ya mumewe, ili aibu imwendee aliyeistahili.

Kazi yenyewe ni ya taratibu na inachosha. Mwanamke anakuja bila pasi, kwa sababu imefungiwa kabatini na mama mkwe. Hajui Kiingereza, na mara zote alipokwenda kwa daktari mkalimani alikuwa mume. Hajui kama ana haki ya kubaki nchini. Anahitaji mtu wa kumsikiliza kwa lugha yake, amwandikie barua mwanasheria, aende naye mahakamani, kisha amtafutie kitanda cha usiku huo katika nyumba salama. Hapo kwenye kitanda ndipo kuna kikwazo kikubwa. Aliyeingia Uingereza kwa viza ya mke hana haki ya misaada ya serikali, na nyumba salama nyingi hulipiwa kodi kwa misaada hiyohiyo. Kanuni hiyo haichagui Mpunjabi. Binti wa Mwanza au Mombasa aliyeolewa Birmingham inamgusa vilevile. Ni makundi kama hili yaliyopiga kelele miaka mingi hadi serikali ikakubali kwamba mke aliyeteswa asirudishwe kwao kwa kosa la kumkimbia anayempiga, na tangu 2012 baadhi ya wake hao wakapewa miezi mitatu ya kupata msaada huku maombi yao yakishughulikiwa.

Kesi iliyolifanya jina lao lijulikane ni ya Kiranjit Ahluwalia. Kwa miaka kumi mumewe alimpiga na kumtesa. Usiku mmoja wa Mei 1989, mume akiwa amelala, Kiranjit alimmwagia petroli miguuni na kumwasha moto, naye akafa siku chache baadaye. Mahakama ilimhukumu kifungo cha maisha kwa kuua kwa kukusudia, na habari za miaka kumi ile hazikupewa uzito. Dada wa Southall walikwenda kumwona gerezani, wakatafuta mawakili na kuendesha kampeni nchi nzima. Julai 1992 Mahakama ya Rufani ilifuta hukumu ile, na Septemba akaachiwa huru. Sishangilii kifo cha mtu yeyote. Lakini bila kundi lile huenda Kiranjit angekaa gerezani miaka mingi zaidi, na wanasheria wa Uingereza wasingelazimika kujiuliza kipigo cha miaka mingi humfanya nini binadamu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike makala haya. Kwa miaka mingi halmashauri ya Ealing, yenye mamlaka juu ya Southall, ililipa ruzuku iliyoendesha ofisi yao. Kufikia mwaka 2008 iliamua kwamba fedha hizo zipewe mtoaji huduma mmoja atakayewahudumia wanawake wote wa wilaya, bila kujali asili. Kwa maneno ilikuwa hoja ya usawa. Ukweli wake ni kwamba mwanamke asiyejua Kiingereza angepelekwa kwenye dirisha ambalo hakuna anayemwelewa. Ilidaiwa hata kwamba jina la kikundi ni la kibaguzi na linagawa watu.

Wanawake wawili waliokuwa wakihudumiwa na kikundi hicho waliishitaki halmashauri katika Mahakama Kuu. Siku ya pili ya kesi, Julai 2008, halmashauri ilisalimu amri. Jaji Moses angeweza kuliacha hapo, lakini alisoma hukumu yake hata hivyo. Alisema halmashauri ilivunja wajibu wake chini ya Sheria ya Mahusiano ya Rangi ya mwaka 1976, na kwamba huduma maalumu kwa wachache haiupingi usawa, bali yaweza kuwa ndiyo njia ya kuufikia. Naiona kuwa miongoni mwa hukumu zenye busara zaidi kuhusu fedha za umma, na ingefaa kila ofisa mipango wa halmashauri zetu aisome.

Maana huku kwetu pia asasi za wanawake husifiwa majukwaani tarehe 8 Machi, kisha tarehe 9 zinahangaika na kodi ya pango. TAMWA, chama cha wanahabari wanawake Tanzania, ilianzishwa mwaka 1987, na FIDA Kenya, chama cha wanasheria wanawake, mwaka 1985. Zimefanya kazi kubwa mahakamani, bungeni na vijijini, na chini yake yako makundi madogo ya wilaya yasiyojulikana jina. Mengi yanategemea fedha za wafadhili wa nje. Mwaka 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, tuliona jinsi milango inavyoweza kufungwa ndani ya wiki chache.

Kwa hiyo wewe msomaji, uliyeko Tabata, Kisauni au Leicester, tafuta kikundi cha wanawake kilicho karibu nawe. Usiwapelekee nguo kuukuu. Waulize kodi ya ofisi ni kiasi gani kwa mwezi, anayepokea simu usiku analipwa na nani, nauli ya kumpeleka mtu mahakamani inatoka wapi. Halafu chagua gharama moja kati ya hizo, uilipie wewe na wenzako kila mwezi, kama mnavyochangia kikoba au chama chenu.