Mzalendo na Kadogo: Maneno Mawili katika Siasa ya Thomas Lubanga wa Bunia

Msamiati wa siasa aghalabu hudai jambo moja, ilhali matendo yakadhihirisha jingine. Makala haya yanaeleza hali hiyo kwa kuzingatia maisha ya kisiasa ya Thomas Lubanga Dyilo, aliyezaliwa Ituri mwaka 1960 na kusomea saikolojia katika Chuo Kikuu cha Kisangani.

Mwezi Septemba 2000 kiliasisiwa chama chake, Union des Patriotes Congolais (UPC), yaani Umoja wa Wazalendo wa Kongo. Jina hilo lilidai taifa zima. Nguvu za chama, hata hivyo, zilitoka hasa kwa Wahema, kabila lake, ambao mgogoro wao wa ardhi na Walendu ulikuwa umegeuka vita tangu 1999. Mwezi Agosti 2002, kwa msaada wa jeshi la Uganda, UPC iliitwaa Bunia. Machi 2003 Uganda hiyo hiyo iliwafukuza. Mei wakarejea, hata majeshi ya Umoja wa Ulaya yakaingia mjini mwezi Juni.

Neno la pili ni kadogo. Kiambishi ka- cha udogo, chenye wingi tu-, hakitumiki katika Kiswahili sanifu, lakini ki hai katika Kiswahili cha Kongo. Tangu vita vya 1996–1997 vilivyomng'oa Mobutu, kadogo limekuwa jina la mtoto askari. Ni neno la upole wa nyumbani, na upole huo husitiri bunduki aliyobebeshwa mtoto.

Mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, sitara hiyo iliondolewa. Miongoni mwa ushahidi ulikuwamo mkanda wa video wa Februari 2003, unaomwonyesha Lubanga katika kambi ya Rwampara, karibu na Bunia, mbele ya makuruta ambao baadhi yao ni watoto dhahiri. Tarehe 14 Machi 2012 alikuwa mtu wa kwanza kutiwa hatiani na mahakama hiyo, kwa kosa la kuwaandikisha na kuwatumia vitani watoto wa chini ya miaka 15. Alihukumiwa kifungo cha miaka 14, akaachiliwa Machi 2020. Mwaka 2025 alitangaza kundi jipya la uasi, safari hii kwa jina la mapinduzi ya umma.

Kwa hiyo, kamusi itakayofasiri kadogo kuwa "mtoto mdogo" tu itakuwa imeandika nusu ya maana. Nusu ya pili wanaijua wazazi wa Ituri.