Dungusi Kakati Katika Nchi ya Mvua

Tukuyu, wilayani Rungwe, ni miongoni mwa sehemu za Tanzania zipatazo mvua nyingi mno: zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, nyingi zikinyesha kati ya Novemba na Mei. Hali hiyo huistawisha migomba na chai, lakini huliangamiza dungusi kakati la umbo la nguzo ambalo watu hulipanda koponi ili kupamba baraza. Mmea uliokuwa na afya mwezi Oktoba huweza kulegea na kuanguka kabla ya Machi kwisha.

Asili ya mmea huu ni bara la Amerika. Usichanganywe na mimea ya kwetu ya jamii ya Euphorbia, ambayo ikikatwa hutoa utomvu mweupe wenye kudhuru macho. Dungusi hufungua vitundu vyake vya hewa usiku na kuvifunga mchana, hivyo hupoteza maji kidogo sana. Udongo wa Rungwe, kwa kuwa umetokana na majivu ya volkeno, hushika maji mengi. Ukijazwa koponi, mizizi hukosa hewa, na kuvu huishambulia.

Kabla ya kutibu, yafaa kuzipambanua dalili. Ngozi ya kahawia iliyo ngumu karibu na udongo ni alama ya uzee tu, wala haihitaji tiba. Sehemu laini, nyeusi na yenye harufu mbaya ni uozo. Ncha nyembamba iliyopauka huonyesha uhaba wa mwanga. Doa jeupe au la manjano upande unaoelekea jua, baada ya mmea kutolewa ndani ghafula, ni mwunguo. Vitu vyeupe mithili ya pamba kwenye mifereji ya shina ni vidung'ata. Vifutwe kwa pamba iliyochovywa katika spiriti.

Uozo ndio adui mkubwa, na hausubiri. Shina likatwe juu ya sehemu iliyooza, kwa kisu kilichosafishwa kwa spiriti. Kisha sehemu ya kati ya mkato itazamwe: ikiwa ina hata alama ndogo ya kahawia au nyekundu, ukataji uendelee juu zaidi, kisu kikisafishwa kila mara, mpaka nyama yote iwe safi. Kipande kilichosalimika kiwekwe mahali pakavu penye kivuli kwa wiki mbili au zaidi, hata kidonda kikauke na kuwa kigumu. Katika majira ya ukungu, rafu iliyo karibu na jiko lenye moto yafaa kuliko baraza.

Kwa kupandia, mlipuko mkubwa wa Mlima Rungwe wa miaka ipatayo 4,000 iliyopita uliacha mawe mepesi yenye vitundu vingi, yaitwayo pumisi. Mawe hayo hupitisha maji upesi na kuacha hewa. Yapondwe yawe kama punje za mahindi, na sehemu mbili zake zichanganywe na sehemu moja ya udongo. Kopo litobolewe chini, liwekwe chini ya paa penye mwanga, na mmea usimwagiliwe mpaka utoe mizizi. Baadaye umwagiliwe pale tu mchanganyiko ukaukapo kabisa mpaka chini. Na katika miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, maji yawe machache zaidi.