Usiuvunje mgongo kwa sababu ya kuni

Wapakiaji wa kuni za viwanda vya majani chai huja kwangu wameshika viuno. Wengi wao huinama, huokota kipande chini, kisha hujipinda na kukirusha ndani ya lori. Kujipinda ukiwa na mzigo ndiko huumiza diski za uti wa mgongo.

Pasulia kuni karibu na lori. Ziweke juu ya meza ya mbao inayofika kiunoni, au uzisukume kwa rukwama. Mkiwa wengi, simameni mstari mkipokezana. Geuza miguu, si kiuno.

Maumivu yakiandamana na ganzi sehemu za siri au kushindwa kukojoa, usikubali kukandwa. Nenda hospitalini siku hiyo hiyo, usije ukapooza.