Hakuna Kidude cha Kupunguza Stima

Juni ikiingia na sweta zikianza kuonekana hata hapa Voi, ambako mwaka mzima kazi yetu ni kulilalamikia jua, swali huja lile lile. Watu hawaniulizi tena kama pawa seva inafanya kazi. Hapo walishapita zamani. Sasa ni: "Fundi, moja inatosha nyumba nzima, ama kila chumba kiwe na yake?" Mwenye ploti wa Mwakingali anataka kubwa ya wapangaji wote. Mwenye duka wa Birikani anauliza kama itaungua akiichomeka karibu na friji.

Hiyo pesa nunueni tokeni. Nimemaliza, lakini najua mhariri hatakubali makala ya maneno manne.

Kwa ambaye hajaiona pawa seva: ni kisanduku cha plastiki cha kuenea kiganjani, chenye plagi nyuma na taa ya kijani mbele. Bei hutegemea sura ya mnunuzi. Muuzaji atakwambia kinapunguza stima kwa nusu, na akiona umekunja uso atashuka hadi thuluthi. Kinatuliza volteji, kinakinga televisheni na radi, na yote hayo kinayafanya hata kikiwa kimechomekwa chumba cha watoto huku friji iko jikoni. Ukikifungua utakuta kapasita moja, fyuzi kama mtengenezaji alikuwa na utu, na vipande vichache vya kuwasha hiyo taa. Vingine havina hata kapasita. Vina taa.

Kapasita yenyewe si uongo, na hapo ndipo watu wenye akili zao hunaswa. Kifaa chenye mota, kama friji, pampu au feni, huvuta mkondo ulio na sehemu mbili. Sehemu moja inafanya kazi: inazungusha, inasukuma, inapasha joto. Ya pili inajenga usumaku ndani ya mota, kisha inarudi kwenye waya, inakuja tena, inarudi tena, bila kukoma. Fikiria matatu ya Voi kwenda Mwatate. Makanga wawili wananing'inia mlangoni, wanashuka na kupanda kila stendi. Nafasi wanaila, lakini nauli hawalipi wala hakuna anayewadai. Kapasita inawashusha hao makanga, kwa sababu mota inapata usumaku wake kutoka hapo karibu badala ya kuuagiza kutoka kwenye laini ya Kenya Power. Mlango unapumua. Nauli ya abiria inabaki ile ile, na mita ya nyumbani kwako huhesabu nauli tu. Yuniti moja ni kilowati-saa moja ya kazi iliyofanyika. Mkondo wa kwenda na kurudi haumo kwenye hesabu hiyo, kwa hiyo ukiupunguza umepunguza kitu ambacho hukuwa unakilipia.

Wako wanaoulipia. Wateja wakubwa wa viwandani wana tarifa nyingine: wanatozwa pia kwa kVA, kipimo kinachojumlisha sehemu zote mbili za mkondo, na wakiacha sehemu ile isiyofanya kazi izidi kiwango wanaongezewa adhabu. Mtu mwenye mota za kukwangua katani ana kila sababu ya kufunga kabati zima la kapasita, zilizopimwa na mhandisi kulingana na mota zake. Atarudisha pesa yake. Wewe wa vyumba viwili Sofia huna mota ya katani, na tarifa ya nyumbani haina adhabu hiyo. Taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ilichapisha maelezo ya jambo hili mwaka 2009 kwa sababu Wamarekani nao walikuwa wakiuziwa visanduku hivi hivi.

Sasa tazama onyesho la sokoni, maana ndilo linalouza. Muuzaji ana mota ndogo isiyo na mzigo wowote, na koleo la kupimia ampea amelibana kwenye waya. Anawasha mota, anakuonyesha namba. Anachomeka kisanduku, namba inashuka mbele ya macho yako. Watu wanaguna. Namba hiyo haijadanganya, imeshuka kweli, na ni namba ya ampea. Mwambie aondoe koleo, aweke mita ya yuniti kama ile iliyo ukutani kwako, uone atakavyokumbuka ghafla kwamba ana mteja mwingine Mwatate.

Mota inayozunguka bila mzigo nayo imechaguliwa kwa makusudi. Hiyo ndiyo hali ambayo karibu mkondo wake wote ni wa kwenda na kurudi. Leta hapo jagi la umeme, pasi, koili au shawa ya moto. Koleo halitashuka hata kidogo, kwa sababu kifaa cha kupasha joto hakina usumaku wa kujenga. Kila ampea inayoingia inafanya kazi. Na vifaa vinavyokula tokeni zako wakati wa baridi ni hivyo hivyo vya kupasha joto! Yaani hata lile jambo dogo ambalo kapasita inaliweza kihalali, halina pa kulifanyia.

Usiniamini mimi. Kwenye mita yako kuna kitaa chekundu kinachopepesa, na pembeni pameandikwa kinapepesa mara ngapi kwa yuniti. Mita nyingi ni 1,000. Zima kila kitu nyumbani. Chemsha lita moja ya maji ya bomba kwenye jagi, uhesabu. Kwa mita ya 1,000 utapata kama 100 hivi, yaani sehemu ya kumi ya yuniti. Acha jagi lipoe, chomeka pawa seva, weka maji yale yale ya bomba, hesabu upya. Muuzaji akisema jagi si mota, jaza tangi lako kwa pampu mara mbili, siku moja nacho na siku ya pili bila. Mwanafunzi wa gredi ya nane anaweza kuyafanya haya kabla ya chakula cha mchana, lakini bado naletewa ushahidi wa jirani.

Huyo jirani simwiti mwongo. Tokeni zake zilipungua kweli, nami nakwambia zilipungua kwa sababu gani. Januari hadi Machi, nyumba ya Kaloleni huwasha feni usiku kucha. Feni ya wati 60 kwa saa kumi ni yuniti 0.6, feni mbili kwa mwezi ni yuniti 36. Juni feni zinalala. Friji nayo inapumzika kwa sababu hewa ya jikoni imepoa. Matumizi yanashuka yenyewe, bila msaada wa mtu, na wauzaji hawaji Februari, wanaamkia Juni. Kule Wundanyi na Werugha, ambako ukungu wa Julai hauna haraka ya kuondoka, kisanduku hicho hicho "hakifanyi kazi", kwa kuwa ndiyo miezi watu wanaanza kupasha maji ya kuoga. Mteja wa huko akilalamika anaambiwa alinunua feki, anunue orijino.

Kuna imani ndogo ya pili, ya kununua tokeni tarehe fulani. Ina asili yake: zamani kulikuwa na ada ya kudumu ya Sh150 iliyokatwa kwenye ununuzi wa kwanza wa mwezi. Iliondolewa 2018. Tofauti unayoiona leo kati ya mwezi na mwezi hutokana na tozo ya mafuta na ya ubadilishaji wa fedha, ambazo hutangazwa kila mwezi. Saa ya kununua haihusiki, wala siku.

Daraja ndilo linalohusika, na hilo hakuna anayeniuliza. Kampuni hutazama wastani wa matumizi yako ya miezi mitatu. Chini ya yuniti 30 uko daraja la chini. 30 hadi 100 la kati. Kupita 100 la juu. Bei za msingi zilizoanza Aprili 2023 zilikuwa Sh12.22, Sh16.30 na Sh20.97 kwa yuniti, kabla ya tozo na VAT ya asilimia 16. Sasa chukua shawa ya moto ya wati 5,000. Dakika kumi ni yuniti 0.83. Mtu mmoja akioga mara moja kwa siku, mwezi umekula yuniti 25. Watu wanne, 100. Nyumba iliyokuwa daraja la chini imeruka hadi la juu kwa kuoga tu, na kwa kuwa hesabu ni ya wastani, Septemba jua limerudi, shawa imezimwa, na bado mwenye nyumba hiyo analipa bei ya Julai. Halafu mtu huyo huyo anamgombeza mtoto kwa kuacha chaja ya simu ukutani.

Wapangaji wa ploti ndio wanaoumia zaidi. Vyumba kumi, kila kimoja yuniti 20, vyote nyuma ya mita moja ya Kenya Power na vimita vidogo vya mwenye nyumba. Jumla ni 200, kwa hivyo kila mpangaji analipa bei ya daraja la juu, ilhali kwa mita yake mwenyewe angekuwa la chini kabisa. Mjadiliane na mwenye ploti mita zitenganishwe. Kuna gharama ya kuombea na ya nyaya, lakini hakuna hatua nyingine itakayowapa nafuu kubwa kuliko hiyo.

Mengine upesi. Ogeni kwa ndoo: lita 15 za vuguvugu zinahitaji takriban yuniti 0.3, chini ya nusu ya ile shawa. Nunueni jerikeni nyeusi, jazeni asubuhi, wekeni juani kwenye bati hadi saa kumi, maana kipupwe cha Voi kina jua la mchana la kutosha kazi hiyo. Mwenye uwezo na paa lake mwenyewe afunge hita ya jua, na afundishe watu wa nyumbani kuoga jioni. Maji ya chai yachemshwe mara moja, yaingie kwenye chupa. Nguo za wiki zipigwe pasi kwa mkupuo mmoja. Mpira wa mlango wa friji ukishika noti bila kuiachia ni mzima. Noti ikichomoka, badilisha mpira, usibadilishe friji. Maharagwe na mahindi yaroweke usiku, yachemke nusu saa kwenye gesi, kisha sufuria ifungwe kwenye kapu la blanketi imalizie yenyewe. Gesi iliondolewa VAT Julai 2023, lakini pimeni mtungi kwenye mizani kabla ya kutoka dukani; uzito wa mtungi mtupu umechapwa ubavuni. Jiko la makaa lisilale chumbani na watu, hata Mgange kukiwa na baridi ya kukata masikio. Gesi ya makaa haina harufu, na mwenye kulala haamki kuilalamikia.

Wenye koili, kwa kuwa najua hamtaiacha: ndoo ya plastiki, koili izame majini kabla ya kuwasha, na usipime joto kwa mkono mpaka uwe umechomoa plagi. Kuzima swichi hakutoshi. Nyumba nyingi za hapa nimekuta swichi ya soketi imefungwa kwenye waya wa nyutro, na hapo ukizima, maji yanaacha kupata moto lakini stima bado imo.