Kutoka Kabale hadi Ziwa Kivu kwa pikipiki

Kiangazi cha Juni hadi Agosti kinapoingia, vijana wengi wa vijiji vyetu vya mpakani huzitazama pikipiki zao kwa jicho la safari. Wapo waendao kuwaona jamaa ng'ambo, na wapo wasukumwao na hamu ya kuiona nchi tu. Hatuwalaumu. Njia itokayo Kabale, ikapita Kisoro na mpaka wa Cyanika, kisha Musanze hadi Rubavu kando ya Ziwa Kivu, haifiki kilomita 200, lakini uzuri wake ni wa kukumbukwa. Tungependa waendao warudi salama, na ndiyo sababu ya makala haya.

Tuanze na nyaraka. Raia wa Uganda, Rwanda na Kenya huvuka kwa kitambulisho cha taifa, lakini kitambulisho hicho hakiivushi pikipiki. Chombo kinahitaji kadi yake ya umiliki, kibali cha muda kutoka forodhani, na bima inayotambuliwa upande wa pili, yaani Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo hununuliwa kwa kampuni ya bima kabla ya kuondoka. Dereva awe na leseni ya daraja la A. Ikiwa pikipiki ni ya kuazima, mwenyewe aandike barua ya idhini na kutia sahihi. Vichochoro vya mlimani tunavijua kama mnavyovijua ninyi. Anayevipita ili kuokoa saa moja huingia nchi ya watu na chombo kisicho na karatasi, na akisimamishwa hana namna ya kuonyesha kwamba hakukiiba.

Kati ya Kabale na Kisoro barabara hupanda zaidi ya mita 2,000, ikapita karibu na msitu wa Echuya na mianzi yake. Asubuhi ukungu huwa mzito na baridi hukaza vidole, basi koti na glavu si anasa. Ukifika Kanaba, milima ya volkano hujitokeza mbele yako: Muhabura wenye mita 4,127, Gahinga, na Sabyinyo ambao kileleni mwake hukutana Uganda, Rwanda na Kongo. Simama uitazame, ila simama nje kabisa ya barabara, wala si kwenye kona. Kisha teremka kwa gia ndogo, injini ikuzuie. Breki ikikamatwa mteremko mzima hupata moto na kupoteza nguvu.

Sasa jambo linalotutia wasiwasi kuliko yote. Uganda tunaendesha upande wa kushoto, Rwanda wanaendesha kulia. Dereva wa gari hukumbushwa na usukani wake, kwa kuwa kiti chake huwa kimekaa ukingoni mwa barabara badala ya katikati. Mwendesha pikipiki hana kinachomkumbusha: amekaa katikati ya chombo, na pande zote mbili kwake ni sawa. Kosa hutokea mara chache pale pale mpakani, ambapo kila mtu yu macho. Hutokea baadaye, baada ya kujaza mafuta au kunywa chai, barabara ikiwa tupu, mazoea yakikurudisha kushoto na lori likitokea kwenye kona. Katika mizunguko ya Musanze na Rubavu, wanaokuja na ambao unapaswa kuwapisha hutoka kushoto kwako. Tunapendekeza ufunge kitambaa chekundu kwenye mkono wa kulia wa usukani ukiwa bado Cyanika. Ni jambo dogo, karibu la kitoto, lakini jicho litakiona kila uwashapo injini.

Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja. Jua huzama huko mnamo saa kumi na mbili jioni, wakati saa ya Kisoro inasema saa moja. Panga kufika kabla ya giza. Epuka pia asubuhi ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwa kuwa ni wakati wa umuganda, kazi ya pamoja ya wananchi, na vyombo havitembei kama kawaida. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini humo tangu 2008, hivyo funga nguo katika begi la kitambaa. Kamera za mwendo zipo, na hazijali umetoka wapi. Abiria ni mmoja tu, naye avae kofia ngumu kama wewe.

Mwachie mtu nyumbani jina la kila mji utakaolala na siku ya kurudi. Likitokea la kutokea, namba ya dharura ni 112 katika nchi zote mbili. Uganda waweza pia kupiga 999.

Wakati wa kurudi, ukishagongewa muhuri Cyanika, usikifungue kitambaa kile. Kihamishie mkono wa kushoto na ukiache hapo hadi ufike nyumbani, kwani baada ya siku kadhaa za kuendesha kulia, barabara ya kwenu nayo itakuwa ngeni.